Kilomita chache kwa mujibu wa nani?

Mtu anapoingia katika yadi ya magari yaliyotumika hapa Unguja, jambo la kwanza analouliza ni bei, na la pili ni gari limetembea kilomita ngapi. Jibu la swali la pili ndilo linalobeba jibu la swali la kwanza. Toyota IST inayosoma kilomita 62,000 hutajiwa bei kwa kujiamini, na ile inayosoma 148,000 hutajiwa bei pamoja na maelezo mengi, hata kama zote mbili ni za mwaka mmoja na zina injini ya aina moja. Msimamo wangu ni kwamba namba hiyo ya kwenye dashibodi, ikisimama peke yake, haistahiki kuongezewa hata shilingi moja. Ni dai la muuzaji tu. Huwa ushahidi pale inapoungwa mkono na maandishi ya mtu mwingine, yaliyoandikwa siku nyingine na mahali pengine, kabla ya mnunuzi na muuzaji kujuana. Kwa mnunuzi wa Zanzibar maandishi hayo aghalabu yapo. Tatizo ni kwamba hayaulizwi, na gari likishaingia kisiwani hayaendelezwi.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana hapa kwetu udanganyifu wa kilomita, yaani kuirudisha nyuma namba hiyo ya dashibodi, una pa kujificha kuliko katika nchi kubwa. Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85 kutoka kaskazini hadi kusini, na Pemba ni fupi zaidi, kiasi cha kilomita 67. Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi hujiandikia zaidi ya kilomita 2,000 kwa safari moja tu, ilhali gari la hapa linaweza kuumaliza mwezi mzima bila ya kufika hata nusu ya hizo. Kwa hiyo muuzaji anaposema kwamba gari la kisiwani halitembei, anasema neno linaloingia akilini, na ndiyo maana neno hilo ni la hatari. Ni kweli kwa baadhi ya magari, na si kweli hata kidogo kwa mengine yanayofanana nayo kwa kila kitu.

Mtumishi anayekaa Mwanakwerekwe na kufanya kazi Mjini, hata akijumlisha kupeleka watoto skuli na kupita sokoni Darajani, ni nadra kuvuka kilomita 20 kwa siku. Kwa siku 300 za mwaka ni kilomita 6,000. Gari la watalii linalotoka Mjini kwenda Nungwi na kurudi mara moja tu kwa siku hukata takriban kilomita 110, na kwa siku hizo hizo 300 linafika 33,000. Baada ya miaka mitatu la kwanza limeongeza kilomita 18,000 na la pili 99,000. Zinaweza kuwa Toyota Noah mbili zilizoshushwa bandarini Malindi, hapa Unguja, siku moja, na leo zimeoshwa, zimepigwa polishi na zimesimama katika yadi moja. Namba ya ile ya pili ikirudishwa nyuma kilomita 80,000 hakuna atakayeshtuka, kwa sababu namba itakayobaki inafanana kabisa na ya gari la mtumishi. Tena gari la watalii lina kazi nyingine ambayo odomita, au mita kama mafundi wanavyoiita, haiioni kabisa. Dereva anayesubiri wageni wake nje ya hoteli za Kiwengwa huacha injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, na saa nzima hupita bila ya kilomita hata moja kuandikwa. Kwa gari la namna hiyo hata namba ya kweli ni ndogo kuliko kazi iliyofanyika.

Sasa tuyaangalie maandishi yenyewe. Sehemu kubwa ya magari yetu hutoka Japani, na Japani ni nchi inayoandika. Gari jipya la abiria la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo Wajapani huuita shaken. Tangu Januari 2004 hati ya ukaguzi huo imekuwa ikionesha kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi, na baadaye ikaanza kuonesha pia kilomita za ukaguzi uliotangulia. Maana yake ni kwamba gari la mwaka 2005 lililosafirishwa nje mwaka 2019, kama lilikuwa barabarani muda wote huo, limepita mbele ya mkaguzi mara sita hivi, na kila mara mtu asiye na haja ya kuliuza ameiandika namba. Gari linapofutwa katika usajili wa huko ili lisafirishwe, wizara yao inayoshughulikia uchukuzi hutoa cheti cha kusafirishia gari nje, na kilomita huonekana humo. Cheti hicho ni miongoni mwa karatasi anazozishughulikia wakala wa forodha wakati wa kulitoa gari bandarini, kwa hiyo yadi inayouza gari lililotoka melini haina udhuru wa kusema kwamba haijui cheti hicho ni kitu gani. Mnunuzi asitosheke kuoneshwa picha kwenye simu ya muuzaji kwa nusu dakika. Aombe kopi, akae nayo, na ailinganishe namba ya chesisi iliyomo na ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, herufi kwa herufi, kwa sababu cheti safi cha gari jingine ni hadaa rahisi kuliko zote.

Kabla ya hapo magari mengi huwa yamepita mnadani huko huko Japani. Mkaguzi wa mnada huliandikia gari karatasi moja yenye daraja lake, mchoro wa mikwaruzo na mabonde, na kilomita. Katika minada mingi namba ya kilomita ikifuatwa na alama ya # maana yake ni kwamba kilomita halisi hazijulikani. Ikifuatwa na nyota ni kwamba imegundulika zimechezewa. Ikifuatwa na $ ni kwamba mita yenyewe imebadilishwa. Alama hizi ni ndogo, karatasi imejaa maandishi ya Kijapani, na picha inayopita WhatsApp ni rahisi kukatwa pembeni alama ikabaki nje. Zipo huduma za mtandaoni zinazoitafuta karatasi ya asili kwa kutumia namba ya chesisi, kwa malipo ambayo ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya gari lenyewe. Ila mtu asiichukue namba ya chesisi ya gari la Japani akaiingiza katika tovuti za historia za magari ya Marekani: namba ya Japani, mfano NCP60 ikifuatwa na tarakimu saba, si ile ya herufi na tarakimu 17 inayotambuliwa huko.

Magari ya Japani yanayofika kwetu baada ya kukaa kwanza Dubai yanahitaji jicho la ziada. Dubai ina eneo zima la biashara huru ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa likiuza tena magari yenye usukani wa kulia kwa wanunuzi wa Afrika, na ni biashara halali yenye wafanyabiashara waaminifu wengi. Lakini kila mkono wa ziada kati ya Japani na Malindi ni nafasi ya ziada ya karatasi kupotea, na mnunuzi anayeambiwa kwamba karatasi zimebaki Dubai ajue kwamba ameambiwa kilomita hazina ushahidi. Magari ya Uingereza, ambayo ndugu zetu walioko huko huyaleta au kuyatuma, yana hali nzuri zaidi, kwa sababu historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza hupatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa kuingiza namba ya usajili ya huko, na inaonesha odomita ilisoma nini katika kila ukaguzi. Humo kuna mtego usiohitaji hata mtu wa kudanganya: mita za Uingereza husoma maili. Gari linaloonesha 80,000 limetembea karibu kilomita 129,000, na anayelinunua akidhani ni kilomita amejidanganya kwa zaidi ya theluthi ya kilomita za gari.

Kuna ushahidi mwingine mdogo ninaouthamini zaidi, kwa kuwa hauhitaji intaneti wala fedha. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango, kisha fungua boneti. Gereji za Japani hubandika stika kila oili inapobadilishwa, na juu yake huandikwa tarehe na kilomita. Mkanda wa taiming ukibadilishwa nao huachiwa stika yake karibu na injini. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme wa Japani na si kwa kalenda yetu. Ikiwa ni enzi ya Heisei, ongeza 1988. Ikiwa ni Reiwa, iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018. Stika ya Heisei 28 yenye kilomita 96,300 ni ya mwaka 2016, na mita inayosoma 71,000 leo imekwisha kujibiwa. Palipobaki alama ya gundi ya umbo la stika, na stika yenyewe haipo, mnunuzi ana haki ya kuuliza iliondolewa na nani, ingawa joto la melini na maji ya kuoshea gari nayo huziondoa.

Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu kwenda kuangalia Noah, tukiwa na fundi mmoja mtu mzima ambaye amezeekea gereji. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akatupokea vizuri na kusema, “Mzee wangu, hii imetembea kidogo sana, elfu sabini tu.” Fundi akamjibu bila ya kupandisha sauti, “Kidogo kwa mujibu wa nani, mwanangu?” Hakuigusa injini. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akapitisha kidole gumba juu ya raba ya pedali ya breki, ambayo mistari yake ilikuwa imelika upande mmoja mpaka ikawa laini. Akatoka, akaushika mlango wa dereva kwa chini, akaunyanyua kidogo, na mlango ukacheza kwenye bawaba zake. Kisha akapiga goti kusoma tairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi zile nne zilikuwa za miaka minne tofauti, jambo linaloashiria gari lililokuwa likifanya kazi na kubadilishiwa tairi moja moja kadiri zinavyokwisha. Kijana alipoulizwa karatasi akasema hakupewa; naye alilinunua kwa mtu. Sikumwona kuwa ni mwongo, na sidhani kama alikuwa mwongo. Alikuwa anairudia namba aliyouziwa yeye.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mazungumzo yetu ya kawaida kuhusu madalali wajanja yanapokosea. Kilomita zikishushwa mara moja, uongo ule hurithiwa na watu watatu au wanne wasio na hatia, kila mmoja akilipa bei ya gari lililotembea kidogo na kuuza kwa bei hiyo hiyo kwa dhamiri safi. Kumtafuta aliyeanza ni kazi isiyo na mwisho. Kazi yenyewe ya kushusha imekuwa nyepesi mno: zamani mita za magurudumu ya namba zilihitaji kufunguliwa kwa bisibisi na ziliacha tarakimu zilizopinda, lakini siku hizi namba huhifadhiwa katika chipu iliyomo ndani ya mita, na mwenye kifaa huiandika upya kwa dakika chache bila ya kuacha mkwaruzo. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya ya miaka ya karibuni, huhifadhi kilomita katika kompyuta nyingine za gari pia, na fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kuzilinganisha. Kwa Toyota ndogo za miaka ya 2000 nyuma asitegemee sana njia hiyo. Na dalili za mwili wa gari nazo si hukumu. Raba ya pedali hubadilishwa, usukani uliochakaa huvalishwa kava, na kiti hushonwa upya.

Madhara ya namba ya uongo hayaishii kwenye bei. Matengenezo yote ya gari hupangwa kwa kilomita. Injini za Toyota zenye mkanda wa taiming, kama zile za Noah za miaka ya 1990, hutakiwa kubadilishiwa mkanda zikifika kilomita 100,000, na mwenye gari linalosoma 60,000 hawazii kabisa jambo hilo, ilhali mkanda wake huenda umekwisha vuka 130,000. Siku ukikatika gari huzima pale pale lilipo, na katika baadhi ya injini valvu hugongwa na pistoni na gharama huwa ya injini nzima. Injini za IST hutumia mnyororo, kwa hiyo hofu hiyo haipo, lakini oili ya giaboksi, bushi na plagi bado hufuata kilomita hizo hizo. Aliyeshusha kilomita amemnyima mnunuzi ratiba ya kulitunza gari lake, na kwa gari linalobeba abiria 12 kutoka Mkoani kwenda Chake Chake hilo ni suala la usalama wa watu.

Watoto wetu hufundishwa chuoni, yaani madrasa, kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula na vidole vyake vikakutana na umajimaji. Mwenye mali alipojieleza kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi. Kushusha kilomita ni kukifunika kilicholowa kwa kikavu. Wauzaji wetu wanakijua kisa hiki kama wanunuzi wanavyokijua, na wengi wao wanakifuata. Lakini nchi zilizopunguza udanganyifu huu hazikutegemea dhamira peke yake. Marekani mwaka 1972 ilifanya kuichezea odomita kuwa kosa chini ya sheria ya nchi nzima, na ikamtaka muuzaji aandike kilomita kwa saini yake gari linapobadilisha mikono. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: tangu mwishoni mwa 2006 gereji zinatakiwa kupeleka kilomita za kila gari linalohudumiwa katika hifadhi moja ya taifa, na muuzaji wa gari lililotumika analazimika kumpa mnunuzi hati ya Car-Pass inayoonesha mfululizo wa namba hizo.

Zanzibar ina wepesi ambao Ubelgiji, iliyozungukwa na nchi jirani, haina. Gari haliingii hapa ila kwa meli, na bandari zinazopokea magari zinahesabika kwa vidole. Forodha huliona. Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, imo katika kazi ya kusimamia ubora wa bidhaa zinazoingia. Kisha kila mwaka gari hilo linahitaji bima, na kwa hiyo mwenyewe anakwenda mbele ya karani wa bima, liwe Shirika la Bima Zanzibar au kampuni nyingine. Katika vituo vyote hivyo kinachohitajika ni safu moja tu ya kuandika odomita inasoma nini leo. Namba ya kuingilia bandarini ikihifadhiwa pamoja na namba ya chesisi, na namba ya kila mwaka ikiongezwa bima inapokatwa, baada ya miaka mitano kila gari kisiwani litakuwa na mfululizo wake, na mtu yeyote anayetaka kununua ataweza kuuomba. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, itakuwa na kitu cha kushika mkononi malalamiko yanapofika, badala ya neno la mnunuzi dhidi ya neno la muuzaji.

Najua litakalosemwa. Mita huharibika na hubadilishwa kwa haki, na ya pili huanza na namba yake. Hilo linatibika kwa gereji kuandika namba ya mita ya zamani na ya mpya siku ya kubadilisha, kama minada ya Japani inavyoliwekea gari la namna hiyo alama yake na bado likauzwa. Litasemwa pia kwamba wanunuzi watazikimbia gari zenye kilomita nyingi. Naona itakuwa kinyume. Leo mwenye gari la kweli la kilomita 150,000, aliyelitunza na kuhifadhi risiti zake, anashindwa bei na gari la kilomita 70,000 lisilo na karatasi, kwa sababu sokoni dai na ushahidi vina thamani sawa. Mimi ningechagua la 150,000 bila ya kusita, na ningemshauri ndugu yangu vivyo hivyo, kwa kuwa kwa gari hilo ninajua ninachonunua na ninajua matengenezo yanayofuata.

Safu hiyo si yetu kuiweka, lakini hati ya mauziano iko mikononi mwetu wenyewe. Mauzo mengi ya mtu kwa mtu hapa hufungwa kwa karatasi fupi yenye majina, namba ya gari, bei na mashahidi. Iongezwe sentensi moja: kwamba leo odomita ya gari hili inasoma kilomita fulani, na kwamba muuzaji ama anathibitisha kuwa ndizo kilomita halisi kwa ushahidi ulioambatishwa, ama anatamka kuwa hajui kama ni halisi. Mnunuzi aipige picha dashibodi siku hiyo hiyo, na kopi ya cheti cha kusafirishia gari nje ibandikwe nyuma ya hati. Muuzaji asiyejua hana dhambi ya kuandika kwamba hajui, na bei ya gari hilo ijadiliwe kwa msingi huo, kama gari ambalo kilomita zake hazijulikani.